NJIA MBILI ZA MWAKA 1967: WAKATOLIKI WA ALBANIA NA WAKATOLIKI WA SINGIDA

Tarehe 5 Februari, 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa kwa wananchi wa Tanzania. Kesho yake, tarehe 6 Februari, katika nchi ndogo ya Ulaya iitwayo Albania, Enver Hoxha, kiongozi wa Chama cha Kazi cha nchi ile, alitoa hotuba iliyofungua vita dhidi ya dini zote nchini mwake. Siku moja tu yazitenga habari hizo mbili. Vyama vyote viwili, TANU na kile cha Albania, vilijiita vyama vya wafanya kazi na wakulima. Vyote viwili vilisema ya kuwa vyataka kumtoa mnyonge katika unyonge wake. Lakini juu ya swali la mtu na Mungu wake, vilishika njia mbili ambazo hazikukutana tena.

Huenda msomaji akaona ya kuwa Albania ni mbali mno na Singida. Hata hivyo, katika miaka ile jina lake halikuwa geni katika siasa za Tanzania. Nchi zote mbili zilikuwa rafiki za China, na tarehe 25 Oktoba, 1971, Umoja wa Mataifa ulipoirudishia China ya Peking kiti chake, azimio lililopita lilijulikana kwa jina la Albania, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolileta. Kwa hiyo si uonevu kuzipima nchi hizi pamoja, kama mtu apimavyo magunia mawili ya mtama katika mizani moja.

Na mahali pafaapo kushikia mizani hiyo ni Singida. Mkoa huu wa majabali na maziwa ya maji ya chumvi, wa mtama, uwele, vitunguu na alizeti, ni nyumba ya Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wataturu na wengineo. Wamo Waislamu wengi, wamo Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki, na wamo washikao mila za mababu. Swali letu ni hili: imani ya watu hukaa wapi? Je, hukaa katika jengo ambalo serikali yaweza kulitia kufuli, au hukaa katika nyumba ya mkulima na mfanya kazi, ambako hapana kufuli iwezayo kufika?

WAKATOLIKI WA ALBANIA

Albania ni nchi ya milima iliyo kando ya bahari ya Adria, ng'ambo ya Italia. Wengi wa watu wake ni wa asili ya Kiislamu. Waorthodoksi wamekaa zaidi upande wa kusini na wa kati, na Wakatoliki wamekaa kaskazini, katika mji wa Shkodër na katika milima iliyo jirani, kama ile ya Mirdita. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, Wakatoliki walikuwa mmoja katika kila watu kumi hivi.

Waturuki waliutwaa mji wa Shkodër mwaka 1479, na utawala wao ukadumu hata mwaka 1912. Katika karne hizo watu wengi waliingia Uislamu, kila mtu kwa sababu yake: wengine kwa kuamini, wengine kwa uzito wa kodi waliyotozwa wasiokuwa Waislamu. Walikuwako pia watu waliokuwa na majina mawili, jina la Kiislamu barabarani na jina la Kikristo jikoni. Waalbania waliwaita laramanë, yaani watu wa rangi mbili. Tangu zamani hizo, basi, Mkatoliki wa Albania alikwisha kujifunza ya kuwa nyumba yaweza kuwa kanisa.

Ukatoliki ule haukuwa vazi la kigeni lililotundikwa mwilini mwa watu. Uliingia katika lugha yenyewe. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyopigwa chapa kwa Kialbania, katika vile vilivyosalia, ni kitabu cha Misa kilichoandikwa na padre Gjon Buzuku mwaka 1555. Askofu Frang Bardhi alitoa kamusi ya Kilatini na Kialbania mwaka 1635. Mwaka 1908, wasomi wa Kialbania, Waislamu, Waorthodoksi na Wakatoliki, walipokutana katika mji wa Monastir ili kupatana juu ya herufi za kuandikia lugha yao, mwenyekiti wa kamati ya herufi alikuwa padre Mfransisko na mshairi, Gjergj Fishta. Padre mwingine wa shirika hilo, Shtjefën Gjeçovi, alitembea milimani akikusanya sheria za jadi za watu wa kaskazini: sheria za mgeni, za mpaka wa shamba, za ahadi isiyovunjwa, na za kisasi cha damu. Aliuawa mwaka 1929, na mkusanyo wake ukatoka kitabu mwaka 1933.

Wakomunisti walishika madaraka mwishoni mwa mwaka 1944. Tangu mwanzo waliwaona mapadre Wakatoliki kuwa watumishi wa Italia na wa Vatikani. Tarehe 4 Machi, 1946, Wajesuti wawili, Giovanni Fausti na Daniel Dajani, walipigwa risasi Shkodër pamoja na wengine. Askofu Mkuu Vinçenc Prennushi, ambaye naye alikuwa mshairi, alifia gerezani mwaka 1949. Mwaka 1950 alikufa Maria Tuci, mwalimu kijana, kwa mateso aliyoyapata kifungoni. Hao wote walikuwa wamekwisha kufa kabla ya mwaka 1967, tena wakati ambapo dini ilikuwa bado haijapigwa marufuku. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, kwa maana litatusaidia kufahamu yaliyofuata.

WAKATOLIKI WA SINGIDA

Habari za Wakatoliki wa Singida ni fupi kuliko hizo, nazo zilianza njiani. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha ikaingia katika pori lililoogopwa na kila mpagazi, liitwalo Mgunda Mkali, upande wa Manyoni na Itigi. Mwaka 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, walipita njia hiyo wakielekea Tabora na Maziwa Makuu. Walipita tu, hawakukaa. Nchi hii ilikuwa kwao nchi ya kiu, ya hongo na ya miiba.

Misheni ziliingia baadaye, na katika karne ya 20 mkoa ukawa umegawanyika katika mikono miwili. Upande wa kusini ulikuwa chini ya Dodoma, eneo lililowekwa mwaka 1935 na kukabidhiwa mapadre Wapasionisti wa Italia. Upande wa kaskazini ulikuwa chini ya Mbulu, eneo lililowekwa mwaka 1943 chini ya mapadre Wapalotini, wengi wao wakitoka Ireland. Ndipo tarehe 25 Machi, 1972, sehemu za majimbo hayo mawili zilipounganishwa kuwa Jimbo la Singida, na Bernard Mabula, Mwafrika wa nchi hii hii, akawa Askofu wake wa kwanza. Aliliongoza hadi mwaka 1999. Zingatia mwaka huo wa 1972: ulikuwa mwaka wa 5 baada ya Azimio la Arusha.

Mtu akiuliza Ukatoliki umeiletea Singida nini, ataonyeshwa kwanza Makiungu. Mwaka 1954 masista wa shirika la tiba lililoanzishwa mwaka 1937 na Mama Mary Martin wa Ireland walianza kazi ya hospitali mahali hapo, katika nchi ya Wanyaturu, ambayo leo imo katika wilaya ya Ikungi. Mama mjamzito aliyekuwa akitembea siku nzima kumtafuta mkunga alipata kitanda. Hakuulizwa dini yake mlangoni. Upande wa kusini, kando ya reli ya kati, Wamisionari wa Damu Azizi ya Yesu walijenga Hospitali ya Mtakatifu Gaspari pale Itigi, katika nchi ile ile ambayo zamani ilikuwa Mgunda Mkali. Nasi tusiwe wachoyo wa haki: Walutheri walifanya kazi kama hiyo Kiomboi na Iambi, na Waanglikana walifanya hivyo Kilimatinde. Afya ya Singida imejengwa na mikono mingi.

Lakini hospitali si imani yenyewe, ni tunda lake. Aliyeipanda imani kijijini hakuwa padre wa Kizungu peke yake. Alikuwa katekista. Huyo alikuwa mkulima kama wenzake, mwenye jembe lake na mifugo yake michache. Padre alifika kijijini mara chache kwa mwaka. Katekista alikuwako kila siku. Yeye ndiye aliyewafundisha watoto chini ya mti, aliyeongoza sala ya Jumapili pasipokuwa na Misa, aliyewapatanisha mke na mume, na aliyesimama kaburini wakati wa mvua na wakati wa jua. Posho yake ilikuwa ndogo, na mara nyingine hakupata kitu. Aliyafasiri mafundisho kwa Kinyaturu ili wazee wafahamu, na kwa Kiswahili ili vijana waweze kusema na taifa zima.

Na hapo pana jambo la kufanana na Albania. Kama vile kitabu cha Misa kilivyokisaidia Kialbania, ndivyo sala zilivyokisaidia Kiswahili katika nchi ya bara. Vitabu vya sala na nyimbo vilivyotoka katika kiwanda cha chapa cha misheni pale Kipalapala, Tabora, vilifika katika nyumba nyingi zisizokuwa na kitabu kingine. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, lilisomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Mtaguso Mkuu wa Vatikani uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965 uliporuhusu Misa isomwe kwa lugha za watu, Kilatini kilitoka na Kiswahili kikaingia altareni, na ngoma na kayamba zikaingia pamoja nacho. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wakajikuta wakiimba wimbo mmoja.

NJIA ILIYOSHIKWA NA ALBANIA

Sasa turudi mwaka 1967. Baada ya hotuba ya tarehe 6 Februari, vijana wa shule na wa chama walitumwa mijini na vijijini kufunga makanisa na misikiti. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni majengo ya ibada 2,169 yaliyofungwa, na sehemu kubwa ya hayo yalikuwa misikiti, kwa maana Waislamu ndio waliokuwa wengi. Mengine yalibomolewa, mengine yakawa maghala, mengine majumba ya sinema. Kanisa kuu la Shkodër likageuzwa kuwa jumba la michezo. Tarehe 13 Novemba, 1967, sheria zilizozipa jumuiya za dini haki ya kuwako zilifutwa. Hoxha akajivuna ya kuwa nchi yake ni ya kwanza duniani isiyokuwa na Mungu.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1975 ilitoka amri ya kuwataka raia wabadilishe majina yasiyopatana na siasa ya taifa, na majina ya dini yalihesabiwa miongoni mwa hayo. Katiba ya mwaka 1976 ilitamka ya kuwa Dola haitambui dini yo yote. Padre Shtjefën Kurti, mzee aliyekwisha kukaa kifungoni miaka mingi, aliuawa mwaka 1971; na habari zilizofika nchi za nje zilisema ya kuwa kosa lake lilikuwa kumbatiza mtoto. Padre Ernest Simoni, aliyekamatwa usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1963, alisoma Misa kwa siri gerezani, kwa Kilatini alichokuwa nacho moyoni, kwa mkate kidogo na maji ya zabibu aliyoyakamua. Alipofunguliwa mwaka 1981 alipewa kazi katika mitaro ya maji machafu ya Shkodër, hata mwaka 1990.

Je, imani ilikufa? Haikufa. Ilirudi pale ilipopazoea, yaani jikoni. Mama aliwabatiza wajukuu wake kwa maji ya mtungi. Rozari ilisaliwa kwa kuhesabu vidole. Sikukuu zilikumbukwa kwa chakula fulani kilichopikwa madirisha yakiwa yamefungwa. Waislamu nao walifunga Ramadhani kwa hila hizo hizo. Aliyelinda imani hakuwa askofu, kwa kuwa maaskofu walikuwa wamekufa au wamefungwa. Aliyeilinda alikuwa bibi mwenye shela, ambaye polisi hakumdhania neno.

NJIA ILIYOSHIKWA NA TANZANIA

Tanzania nayo ilitangaza Ujamaa, ikataifisha mabenki na viwanda vikubwa, ikamtaka kila kiongozi aache unyonyaji. Lakini haikusema ya kuwa mwanachama hana budi kumkana Mungu wake. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki asiyeificha sala yake, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1968 ya kuwa Ujamaa ni habari ya maisha ya watu pamoja hapa duniani, na ya kuwa jinsi mtu anavyohusiana na Mungu ni jambo lake mwenyewe. Mjamaa aweza kuwa Mwislamu, Mkristo, au mtu asiye na dini. Kwa hiyo katika mkutano mmoja wa TANU pale Singida waliweza kuketi pamoja shehe, katekista na mzee wa mila, na hapana aliyeambiwa aiache imani yake nje ya mlango.

Maaskofu Wakatoliki nao hawakukaa kimya. Mwaka 1968 walitoa barua ya kichungaji juu ya Kanisa katika jamii inayoendelea ya Tanzania, wakiyapokea mengi ya Azimio. Tarehe 16 Oktoba, 1970, Mwalimu alikwenda New York, akawaambia masista wa Maryknoll, bila kuwabembeleza, ya kuwa Kanisa lisiposhiriki katika vita vya kuondoa umaskini na dhuluma, litahesabiwa pamoja na hao wadhulumu. Huo ulikuwa ubishi wa ndugu. Kila upande uliweza kumwambia mwenzake neno gumu, na hakuna aliyepelekwa gerezani kwa ajili ya Rozari.

Hata hivyo ukweli hauna budi kusemwa wote. Njia yetu haikuwa laini kama kitambaa cha hariri. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa Serikali, na wako waumini waliohuzunika kuona shule walizozijenga kwa matofali ya mikono yao zikichukuliwa. Lakini tokeo lake lilikuwa ya kuwa mtoto wa Kiislamu na mtoto wa Kikristo wa Singida waliketi dawati moja bila kuulizwa ubatizo. Mwaka 1968 Serikali iliifunga Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, jambo ambalo Waislamu wengi wamelilalamikia hadi leo. Na katika operesheni za vijiji za mwaka 1973 hadi 1976, familia nyingi nchini ziliyaacha makazi yao ya zamani pasipo hiari, pamoja na makaburi ya wazee wao, na misikiti midogo na vigango walivyovijenga. Hayo yaliuma. Lakini kuna tofauti kati ya serikali inayogombana na waumini na serikali inayotaka waumini wasiwepo. Ya kwanza yaweza kusahihishwa kwa maneno. Ya pili husahihishwa kwa kuanguka kwake.

Wakati vijiji vikipangwa upya, Kanisa lilijipanga upya vile vile. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuzitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani majirani wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kila juma, kusali, kusoma Injili, kumchangia mgonjwa na kumzika marehemu. Mwanachama aliyezizoea nyumba kumi kumi hakuona ugeni ndani yake. Tazama ajabu hii: katika Albania imani iliingia majumbani kwa kufukuzwa, katika Singida iliingia majumbani kwa hiari. Lakini katika nchi zote mbili ilionekana ya kuwa nyumba ndiyo iliyokuwa msingi wake.

MWALBANIA MMOJA ALIYEFIKA JIRANI YA SINGIDA

Yuko Mwalbania mmoja ambaye jina lake lajulikana hata katika vijiji vya Singida, ingawa wengi hawajui ya kuwa ni Mwalbania. Alizaliwa tarehe 26 Agosti, 1910, katika mji wa Skopje, akaitwa Anjezë Gonxhe Bojaxhiu. Alitoka kwao mwaka 1928, akawa sista, akapelekwa India, na mwaka 1950 akaanzisha shirika la Wamisionari wa Upendo katika mji wa Kolkata. Ulimwengu ulimwita Mama Teresa.

Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya makanisa ya Shkodër kutiwa kufuli, masista wake walifungua nyumba Tabora, mkoa upakanao na Singida kwa upande wa magharibi. Ilikuwa miongoni mwa nyumba zao za kwanza nje ya India. Walikuja na sari nyeupe zenye mistari ya buluu, wakawahudumia wasio na wa kuwatunza. Nchi ya Ujamaa iliwapokea. Lakini Albania, nayo pia nchi ya ujamaa kwa jinsi ilivyojiita, ilimfungia mlango mwanzilishi wao. Mama yake mzazi na dada yake walikuwa wakiishi Tirana. Aliomba mara nyingi aruhusiwe kuwaona, asiruhusiwe. Mama yake alifariki mwaka 1972 bila kumwona tena. Ni mwezi Agosti, 1989, ndipo alipoweza kufika Albania na kusimama kaburini.

Hapa mizani yetu yasema waziwazi. Chama kilichosema chamtetea mnyonge kilimnyima kikongwe mmoja haki ya kumkumbatia binti yake. Mtu asiyeshangazwa na hayo hajui mama ni nini.

MWAKA 1990

Njia hizo mbili zilionyesha mwisho wake katika mwaka mmoja. Mwezi Septemba, 1990, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alizuru Tanzania, akafika Tabora pia. Watu walimpokea mchana kweupe, na viongozi wa Serikali, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa miongoni mwa waliompokea.

Miezi miwili baadaye, Novemba, 1990, katika makaburi ya Rrmaj pale Shkodër, padre Simon Jubani, aliyekwisha kukaa gerezani zaidi ya miaka 20, alisoma Misa ya hadhara ya kwanza tangu mwaka 1967. Hakuwa na kanisa, kwa hiyo alisomea makaburini. Maelfu ya watu walifika, wakajibu sala ambazo serikali ilidhani zimesahauliwa. Siku chache baadaye Waislamu wa mji huo huo walisali katika Msikiti wa Risasi, na Wakatoliki walikuja kushirikiana nao, kama Waislamu walivyoshirikiana na Wakatoliki. Waliokandamizwa pamoja walisherehekea pamoja.

Mwaka 1993 Yohane Paulo wa Pili aliwaweka wakfu maaskofu wanne ndani ya kanisa lile lililokuwa jumba la michezo. Mwaka 2014 Baba Mtakatifu Fransisko alimsikiliza padre Ernest Simoni akisimulia habari zake pale Tirana, akatoa machozi. Na mwaka 2016 akamfanya Kardinali, na wafia dini 38 wa Albania, Maria Tuci akiwa mwanamke pekee kati yao, wakatangazwa Wenye Heri katika Shkodër. Mwaka huo huo Mama Teresa alitangazwa Mtakatifu. Chama kilichojivuna ya kuwa kimemfukuza Mungu kilikuwa kimekwisha kuacha hata jina lake la zamani.

WAJIBU WETU

Tujifunze nini basi, sisi wakulima, wafanya kazi na wanachama? Jambo la kwanza ni hili: amani ya dini tuliyo nayo Singida si zawadi ya hali ya hewa. Ni matokeo ya uamuzi uliofanywa na watu, na uamuzi uliofanywa na watu waweza kutanguliwa na watu. Ye yote atafutaye kura kwa kunong'ona ya kuwa mpinzani wake ni wa dini fulani, huyo anaanza kuichimba njia yetu, hata kama amevaa sare ya chama na kubeba kitabu kitakatifu mkononi. Katiba yetu yampa kila mtu uhuru wa kuamini. Haimpi mtu ruhusa ya kuitumia imani kama rungu.

Jambo la pili lawahusu waumini wenyewe. Imani isiyofungwa na serikali yaweza kufungwa na uvivu. Bibi wa Shkodër aliilinda sala kwa miaka 23 kwa hatari ya kifungo. Mkatoliki wa Singida hahatarishi kitu. Basi na aonyeshe imani yake kwa yale ambayo jirani yake Mwislamu au Mlutheri aweza kuyaona: kazi halali, kisima kinachotunzwa, na mgonjwa aliyetembelewa. Hospitali ya Makiungu ilijenga heshima yake kwa namna hiyo, si kwa mabishano.

Jambo la tatu ni la haraka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Waalbania leo wanakusanya kila barua na kila kumbukumbu ya wafungwa wao, kwa kuwa waliona jinsi historia inavyoweza kuchomwa moto. Sisi hatukuchomewa kitu, na kwa sababu hiyo hatukuandika kitu. Makatekista wa kwanza wa vijiji vya Singida wamekwisha kuzikwa, na watoto wao wamekuwa wazee. Nani aliyebeba matofali ya kigango cha kwanza? Nani aliyefasiri Baba Yetu kwa Kinyaturu mbele ya wazee waliocheka, kisha wakanyamaza, kisha wakasikiliza? Vitabu vya ubatizo vimo parokiani, lakini havisemi hayo. Mwalimu wa shule, kijana wa jumuiya, katibu wa tawi, yafaa kila mmoja achukue daftari na kalamu akaketi na mzee mmoja, awe Mkatoliki, Mlutheri au Mwislamu, akaandike kabla jua halijatua.

Jengo laweza kufungwa, na jengo laweza kujengwa. Waalbania walijenga tena yao. Lakini mzee akifa na habari zake, hapana chama, hapana Kanisa wala serikali iwezayo kumfungua kinywa.